Sura ya Sita: Skrubu Nne Zenye Rangi ya Kucha

Edson, fundi wa kompyuta, hakuinuka kwenye kiti. Alimtazama Sajenti Anisia kuanzia viatu vyake vyenye vumbi mpaka kitambaa cha kichwa, akaona hapo hakuna kitu, akarudisha macho kwenye simu.

"Mambo, mama."

"Marahaba," alijibu Anisia.

Kijana akainua uso. Shikamoo hakuwa ameitoa, na sasa alikuwa ameshaitikiwa. Bwana Ignas, mwenye ofisi, alikohoa kidogo akamvutia mgeni kiti, kisha akakumbuka kwamba kile kilikuwa kiti cha wateja wakubwa, akakirudisha ukutani na kumletea stuli.

Anisia hakukaa. Ilikuwa saa nne na nusu asubuhi. Saa nane mchana gari la kituo lingeondoka kwenda mahakamani, na kama hakuna litakalobadilika, ndani yake angekuwemo Noela, msafishaji wa ofisi hii ya upimaji hapa Runzewe. Tangu juzi Noela alikuwa mahabusu kwa kosa la kuharibu kompyuta makusudi. Wanawe mapacha, Kulwa na Doto, walikuwa na miezi minane, bado wananyonya, na jirani alikuwa akiwahangaisha na uji wasioutaka. Mtu asiye na mdhamini akitoka mahakamani anapelekwa gerezani moja kwa moja. Noela mdhamini hakuwa naye.

Jalada Anisia alikuwa amekabidhiwa asubuhi hiyo na Koplo Cornel, aliyelitengeneza. "Hilo limeiva, Sajenti," Cornel alisema huku akichokonoa meno. "Amekiri mwenyewe. Wewe pitia pale ofisini, piga picha mbili tatu, rudi tumsafirishe." Jalada lilikuwa na kurasa nne, na mbili kati ya hizo zilikuwa za kuisifia kompyuta.

"Yenyewe iko wapi?" aliuliza Anisia.

"Hiyo hapo, lakini usiiguse," alisema Edson. "Siyo kitu cha kushikwashikwa."

Ilikuwa juu ya meza yake peke yake, na meza imetandikwa kitambaa cha kushonwa kwa mkono kana kwamba ni altare, Mungu asamehe. Boksi jeusi, kubwa kama madebe mawili yaliyobebana, ubavu mmoja wa kioo. Ndani mipira miwili myeupe ilitoka kwenye kitangi cha plastiki, mmoja ukaenda kwenye kipoza kilichokaa katikati ya ubao, mwingine ukapanda juu kwenye rejeta yenye feni tatu. Ungedhani mgonjwa yuko wodini na dripu zake.

"Mimi nimeishia darasa la saba," Anisia alisema, akafungua daftari. "Nieleze polepole. Kompyuta inawekewa maji ya nini?"

Edson akasimama. Watu wa namna yake Anisia alikuwa amewasikiliza miaka ishirini na sita ya kazi, na wote ni wamoja. Ukiwaambia hujui, wanakueleza hata yale ambayo hukuuliza.

"Sikiliza, mama. Sisi tunarusha ndege ndogo ya kamera juu ya vitalu vya wachimbaji. Inapiga picha elfu mbili, elfu tatu. Hii mashine ndiyo inaziunganisha ziwe ramani. Prosesa inachemka. Feni za kawaida zinavuta hili vumbi lenu la Runzewe, ndani ya mwezi zimeziba. Nyuzi joto tisini na tano, mashine inazima yenyewe. Unanielewa?"

"Nakuandika."

"Ndiyo unaweka kipoza cha maji. Maji yanabeba joto kutoka kwenye prosesa, yanalipeleka kwenye rejeta, feni zinalitoa nje. Kama gari. Gari unalijua?"

"Nimewahi kuliona," alisema Anisia.

"Sasa kuna vya aina mbili. Kuna kipoza cha kiwandani, kimekuja kimefungwa na maji yake, unakaza skrubu, umemaliza. Hicho ni cha watu waoga. Na kuna cha kujenga mwenyewe. Unachagua pampu, unachagua tangi, unachagua rejeta. Unaweza kukiboresha kila siku."

"Bwana Ignas alitaka kipi?"

"Cha kiwandani," alisema Ignas, sauti ya chini.

"Nikamkataza," alisema Edson. "Nikamwambia, mzee, utakuwa na mashine ya aibu."

"Wilaya nzima hakuna nyingine kama hii," alisema Ignas, kifua kikajaa. Halafu akakumbuka kwamba yeye ndiye mlalamikaji, kifua kikashuka. "Hakukuwa na nyingine."

"Maji ni ya kisima?"

Edson alicheka mpaka akashika meza. "Ya kisima! Mama, maji ya kisima yana chumvi, yanaota ukoko ndani kama birika lako la chai. Haya ni maji ya betri, yale safi ya kuongezea."

"Na vumbi?"

"Nimeziba matundu yote kwa soksi za kike."

Anisia alisogea akaangalia. Kweli. Soksi ndefu nyembamba za rangi ya ngozi, za kina mama wanaoenda harusini, zilikuwa zimevutwa na kubanwa juu ya kila tundu la kuingizia hewa. Na chini yake kijana alikuwa amebandika karatasi yenye jina lake, na mbele ya jina ameandika Injinia. Anisia aliandika neno moja: soksi.

"Joto likashuka?"

"Kutoka tisini na tano mpaka sabini na mbili. Wengine wangelala hapo. Mimi nikaboresha tena, likashuka mpaka hamsini na nane. Kanda ya Ziwa nzima hakuna aliyefika hapo."

"Uliboresha kwa kitu gani?"

"Hiyo ni siri ya fundi."

"Lini?"

"Wiki mbili zilizopita. Jumapili, ofisi ikiwa imefungwa."

Anisia aliandika na hilo. "Tuje juzi Jumatatu. Noela alifanya nini?"

Edson alirudi kukaa. Sauti yake ikabadilika, ikawa ya mtu anayesoma. "Alikuwa anadeki. Akavuta mpira huu, ukachomoka, maji yakamwagikia kadi ya picha. Saa nne mzee anawasha kazi, ikalia pu, ikanuka kuungua. Nikaitwa, nikarudisha mpira mahali pake, lakini ilikuwa imeshakufa."

"Hili tangi lina mstari. Ni wa nini?"

"Kipimo. Maji yakishuka chini ya mstari unaongeza."

"Umeongeza tangu Jumatatu?"

"Niongeze ya nini? Nimekwambia imekufa."

"Maji mbona yako kwenye mstari?"

Ignas alisogea, akavaa miwani, akatazama tangi. Akamtazama Edson. Edson akalitazama tangi kana kwamba limemsaliti.

"Basi alimwaga ndoo," alisema. "Si ndivyo alivyokiri kwa afande? Alimwaga ndoo."

"Kwa hiyo mpira haukuchomoka."

"Mama, hayo ni madogo madogo."

"Hayo madogo madogo uliyasaini," alisema Anisia, akageuza ukurasa wa jalada na kumwonyesha. "Ukurasa wa pili. Mpira."

"Sajenti," aliingilia Ignas, "tusipotezeane muda. Yule mwanamke ametumwa na washindani wangu. Ijumaa wachimbaji kumi na mmoja wanakuja hapa kuchukua ramani za vitalu vyao, na wamenisubiri miezi miwili. Nitawaambia nini?"

"Waambie ukweli."

"Ndiyo hicho ninachotaka kuwaambia. Kwamba yuko jela."

Anisia alimtazama mzee yule, suti yake ya kaki na kalamu tatu mfukoni. Alitoka mlangoni akaita. Jirani kulikuwa na kibanda cha chakula, na mwenyewe, Suzana, alikuja huku akifuta mikono kwa khanga.

"Shikamoo, afande."

"Marahaba, mama. Nataka shahidi asiye wa ofisi hii. Utaona ninachofungua, utasaini ulichoona. Usichokiona usisaini."

"Kuona naona. Ni wali tu niondoe motoni."

Wali ukaondolewa. Suzana alirudi, akasimama mikono kiunoni, akaitazama ile mashine juu ya kitambaa chake. "Ndiyo hii iliyomfunga Mama Kulwa?" aliuliza. "Kumbe hata haina miguu."

Anisia alivaa glavu za kituo, akajaza fomu ya vielelezo mstari kwa mstari, kisha akainama mbele ya kioo. Juu ya kipoza kulikuwa na alama nne nyekundu.

"Hizi nyekundu ni nini, fundi?"

Uso wa Edson ukachangamka. "Rangi ya kucha. Skrubu zote nne za kipoza nimezipaka juu. Mtu akizigusa, rangi inapasuka, namjua siku hiyohiyo. Fundi mwenye akili hujilinda."

"Imepasuka?"

"Angalia mwenyewe. Iko nzima."

"Kwa hiyo tangu Jumapili ile ya maboresho hakuna aliyefungua hapo."

"Hakuna mkono uliogusa hapo isipokuwa wangu."

"Andika hivyo hivyo, hapa. Na tarehe."

Aliandika kwa mwandiko mkubwa, akapiga sahihi yenye mikia miwili. Suzana naye aliangalia zile skrubu moja moja, akasema, "Nzima, nzima, nzima, nzima," akasaini.

Hapo ndipo Anisia alipokitoa kile kioo cha ubavuni. Aliwasha tochi ya simu, akamulika chini kabisa ya boksi. Soksi za kike hazikuwa zimezuia chochote. Vumbi jekundu lilikuwa limejaa pale chini, laini, na juu yake mende alikuwa ameacha nyayo zake kutoka kona hadi kona.

"Mama Suzana, njoo. Vumbi la hapa likimwagiwa ndoo ya maji linakuwa nini?"

"Tope."

"Tope likikauka?"

"Linapasuka kama visigino vyangu."

"Hili limepasuka?"

Suzana aliinama, akahema karibu na boksi, na vumbi likaruka kidogo. "Hili limelala kama unga. Hata tone halijaliona."

"Andika, mama. Kwa maneno yako hayo hayo, visigino uviache."

"Subiri kwanza!" Edson alikuwa ameinuka. Kidole chake kilionyesha ndani, kwenye bamba la alumini lililofunika kadi ya picha, chini kidogo ya kipoza. "Hicho cheupe je? Hicho ni nini? Hiyo ni sabuni! Maji ya kudekia yamekauka, yameacha sabuni. Mzee, si nilikuonyesha?"

"Alinionyesha," alisema Ignas.

Na kweli kulikuwa na kitu cheupe. Anisia alikisogelea kwa tochi bila haraka. Kilikuwa kimeota juu ya alumini, nyuzi nyeupe nyembamba zilizosimama, zimejikunja nchani, mfano wa pamba inayotoka kwenye tumba. Alikuwa akifua kwa sabuni tangu akiwa na miaka saba. Sabuni ikikauka inalala, inaacha doa. Haisimami.

"Chomoa hiyo kadi," alisema.

Edson alichomoa, kwa madaha, akaiinua kwenye mwanga. Kadi ina meno yanayoingia kwenye ubao, na meno yale hupakwa dhahabu. Nusu ya meno ilikuwa ya njano. Nusu nyingine ilikuwa nyeupe kama bati.

 Anisia akavua glavu ya kushoto, akavua pete yake ya ndoa, akaifunga kwenye ncha ya leso, akaitia mfukoni na kuvaa glavu tena.

"Mama Suzana, vua hereni zako, ziweke nje. Na fungua madirisha yote."

"Mbona unavua pete?" aliuliza Ignas.

"Niletee sinia jeupe."

Mama yake Anisia alikuwa amesafisha dhahabu miaka mingi huko Nyarugusu, na pete yake ya ndoa ilikuwa imegeuka nyeupe mwaka wa kwanza tu, haikurudi tena njano mpaka alipozikwa nayo. Pande hizi mtoto wa miaka sita angejua ni nini kinachofanya hivyo. Injinia hakujua, au alijua.

Sinia liliwekwa mezani. Anisia na Suzana waliliinamisha lile boksi taratibu, ubavu wake ukaegemea ukingo, Anisia akaligonga kwa ngumi mara mbili. Kitu kidogo kikaanguka juu ya sinia, kikang'aa, kikakimbia mpaka ukingoni, kikagonga, kikagawanyika vitatu, vikarudi kukutana.

"Yesu na Maria," alisema Suzana. "Si zebaki hiyo?"

Ilikuwa zebaki, ile ile ambayo wachimbaji wanakamatia dhahabu, inayopausha pete na kuotesha alumini nyuzi nyeupe, inayouzwa kwa kizibo cha soda kwenye maduka ya zana mpaka mtu akachoka kuitazama.

Wa kwanza kupata sauti alikuwa Ignas, na aliipata yote. "Nimesema! Mumewe ni mchimbaji! Mume wa Noela yuko Nyakafuru, anaponda mawe, zebaki anayo nyumbani kwa chupa! Ameiba kwa mumewe akaja kumwaga humu! Sajenti, hiyo ni mbaya kuliko maji!"

"Ndiyo hivyo!" alisema Edson haraka. "Ndiyo hivyo, mzee. Atakuwa ameipitisha kwenye matundu ya juu."

"Yenye soksi?" aliuliza Suzana.

"Wewe nyamaza, upike wali."

"Wali nimeshapika. Jibu swali."

Anisia aliinua mkono wakanyamaza. "Fundi, chukua bisibisi. Fungua skrubu zako nne."

"Za nini? Huko hakuna kitu."

"Kama hakuna kitu, hakitaumia."

"Mama, ile ni sehemu nyeti, wewe hujui..."

"Sijui. Ndiyo maana utafungua wewe."

Ilimchukua dakika nyingi kuliko ilivyostahili. Rangi ya kucha ilipasuka vipande, skrubu moja baada ya nyingine, na kila moja Suzana aliihesabu kwa sauti. Kipoza kilipoinuliwa, chini yake, kati ya bamba la shaba na prosesa, palikuwa pamezungushiwa ukuta mdogo wa gundi ya vioo, kama mtu anayejenga bwawa la kuku kunywea maji. Ndani ya bwawa zebaki ilikuwa imebaki imejikusanya. Kona ya chini ukuta ulikuwa umeachia, na kutoka hapo alama ya kijivu ilishuka ubaoni, moja kwa moja, mpaka kwenye kadi, ilikopiga shoti.

"Noela aliipitishaje chini ya skrubu zako?" aliuliza Anisia.

Edson aliigeuza bisibisi mkononi.

"Umeandika hakuna mkono uliogusa hapo isipokuwa wako. Shahidi amesaini. Nikuulize mara ya pili au uniambie siri ya fundi?"

Alikaa. Alipoanza kuongea alikuwa anatazama bisibisi, lakini kadiri alivyosema, ndivyo kichwa kilivyoinuka, maana hata pale, mbele ya sinia, bado alijiona mwerevu.

"Huko nje wenzetu hawatumii tena ile pesti ya kawaida ya kupaka juu ya prosesa. Wanaweka metali ya maji, inaitwa galiamu. Inapitisha joto mara kumi. Kuagiza ni mwezi mzima mpaka ifike. Nikasema, mwezi mzima wa nini? Metali ya maji si ipo hapa hapa? Imejaa! Wao wana yao, sisi tuna yetu. Nikanunua nusu kizibo. Na ilishuka, mama. Hamsini na nane! Picha ninazo kwenye simu."

"Ikashuka mpaka kaburini," alisema Suzana.

"Jumatatu ulipotoa kioo uliona nini?" aliuliza Anisia.

"Niliona... vidonge vidogo vinang'aa. Juu ya kadi."

"Vingapi?"

"Vinne. Vitano."

"Ukavifanya nini?"

"Nikavifuta na kitambaa."

"Halafu ukamwambia Bwana Ignas ni maji."

Edson akaviringisha skrubu moja kwa kidole.

"Kwa nini Noela?"

"Alikuwa anadeki korido," alisema Edson. "Ndiye aliyekuwa karibu."

Anisia aliandika maneno hayo jinsi yalivyotoka. Ndiye aliyekuwa karibu. Hakuyapamba wala kuyapunguza. Miaka yote ya kazi alikuwa ameona watu wakiibiana, wakikatana mapanga kwa ajili ya shimo, na wengi wao angalau walikuwa na sababu. Huyu hakuwa na hata chuki. Alihitaji mtu wa kuwekea ujinga wake, akachukua aliyekuwa karibu, kama mtu anavyochukua tambara.

"Bwana Ignas," alisema, "zebaki ikipata moto inageuka hewa. Hizo feni tatu zimekupulizia wiki mbili, na wewe umekaa umefunga madirisha kuzuia vumbi. Leo hii uende hospitali, useme ulichovuta. Na ofisi isiingiwe mpaka mtu anayejua aje aisafishe."

Ignas alirudi nyuma mpaka mgongo ukagusa mlango. Alishika kifua, akashika koo, akatazama viganja. Kisha akauliza, "Sasa hii kompyuta inatengenezeka?"

Suzana alicheka kicheko kimoja kifupi, akaenda kuchukua hereni zake.

Walikwenda kituoni kwa gari la Ignas, vioo vimeshushwa. Edson alikaa nyuma na simu yake imeshachukuliwa kuwa kielelezo, jambo lililomliza kuliko yote. Kompyuta ilikuwa imefungwa kwenye mfuko wa nailoni, na Anisia alipakata chupa ya mtindi yenye kifuniko imara, ndani yake yale matone ya zebaki. Saa nane kasoro dakika kumi gari la kituo lilikuwa limewashwa, mlango wa nyuma uko wazi. Noela alikuwa ameshapanda. Alikaa ukingoni mwa benchi, mtandio mmoja mabegani, na mbele ya gauni maziwa yalikuwa yamelowesha pande zote mbili, naye amekunja mikono juu yake ili watu wasione.

"Sajenti, picha umepiga?" Koplo Cornel aliuliza. "Lete jalada."

"Mteremshe."

"Nani? Huyu? Amekiri huyu!"

"Twende kwa mkuu."

Mkuu wa upelelezi alisoma maelezo mapya ya Edson mara mbili, akaitazama chupa ya mtindi, akaitikisa. Cornel alisimama pembeni ametabasamu tabasamu la mtu asiyejua kwamba anazama.

"Hata kama ni zebaki, mkuu," alisema, "ungamo lipo. Dole gumba lake lipo."

"Nisomee ungamo," alisema Anisia.

Cornel akasoma kwa sauti. "Mimi Noela kwa hiari yangu nakiri kwamba siku ya Jumatatu nilimwaga ndoo moja ya maji ya kudekia ndani ya kompyuta kwa lengo la kuiharibu."

"Ndoo moja."

"Moja."

"Ndani ya kompyuta hakuna tone la maji, Koplo. Vumbi liko kavu, mende ametembea juu yake. Mtu anaweza kuficha alichokifanya. Lakini Noela amekiri kwa kirefu, na mpaka ujazo wa ndoo, kitu ambacho hakikutokea kabisa. Maneno haya ameyatoa wapi?"

Cornel aliirudisha karatasi mezani.

"Noela hakuwa na maneno haya," Anisia aliendelea, sauti ile ile. "Waliokuwa nayo Jumatatu ni wawili, fundi na wewe. Fundi alisema mpira. Wewe uliona mpira hautoshi kuwa makusudi, ukampa ndoo. Ulimwambia nini mpaka aweke dole?"

Mkuu hakungoja jibu. Aliandika mstari mmoja juu ya jalada, akapiga muhuri, akamsukumia Anisia. Kisha akamwambia Cornel afunge mlango, abaki ndani.

Uani dereva alizima gari. Noela aliteremka kwa kushika ubao, miguu imekufa ganzi, akasimama juani akipepesa macho.

"Umeachiwa, Mama Kulwa," alisema Anisia. "Hakuna kesi. Yule koplo alikuambia nini siku ile?"

"Alisema nikiweka dole nitaenda kunyonyesha." Aliinamisha uso. "Sikujua imeandikwa nini, mayu. Nilisikia tu kunyonyesha."

"Hilo nalo tutaliandika. Kesho, ukishapumzika."

"Wabeja, mayu," alisema Noela kwa Kisukuma. Asante, mama.

Ignas alikuwa amesimama kando ya gari lake muda wote huo. Sasa alikuja, amenyoosha koti, ameandaa uso wa mtu mwenye moyo mkubwa. Hakusema pole. Alinyoosha mkono hewani katikati yao, si wa kusalimia hasa.

"Mama Kulwa, yameisha hayo. Binadamu tunakosea. Mimi sina kinyongo na wewe." Alisubiri asifiwe, hakusifiwa. "Kesho saa moja uje kazini kama kawaida. Ila uje na ndala ngumu, maana vile vidude vya zebaki huenda vimesambaa sakafuni, na ofisi wanasema isiingiwe mpaka isafishwe. Wewe ndiye unayejua kile chumba."

Anisia aligeuka kumtazama. Alikuwa ameshafungua mdomo, na alichotaka kusema kisingefaa kusemwa na mama wa jumuiya ya kanisani. Lakini Noela alikuwa amemshika kiwiko.

"Mayu," aliuliza taratibu, "wewe unaijua sheria. Mtu akimwambia tajiri hapana, anafungwa?"

"Hafungwi."

"Hata kidogo?"

"Hata kidogo."

Noela alijifunga mtandio upya, akaukaza kifuani. Halafu akamgeukia Ignas, akamtazama machoni, pengine kwa mara ya kwanza tangu aajiriwe.

"Hapana," alisema.

Akatoka getini, akashika njia ya kwa jirani aliyebaki na mapacha, mbio mbio, maana maziwa yalikuwa yameanza kushuka tena.